Chaja Isiyojua Kusimama

Leo naomba tuiweke kompyuta pembeni kidogo tuzungumze habari za betri. Najua wengine mtasema huyu jamaa ameishiwa na programu za kuandika, sasa amegeuka fundi wa magari. Subirini kidogo. Wiki iliyopita nilikuwa Kilifi siku mbili nikitafuta kosa kwenye chaja ya gari la zamani. Nilipima kila waya na kila kimoja kilikuwa kizima. Kosa nilikuja kuliona pale tu nilipoanza kuuliza chaja ile ilitengenezwa lini, wapi, na kwa ajili ya nani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja, rafiki wa familia yetu, ana Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, ile ya kulala ndani. Ilitoka Ujerumani ikiwa na kitanda, sinki, friji ndogo na betri mbili: moja ya kuwashia injini, ya pili ya taa, feni na friji. Kwa miaka mingi mzee aliitumia kuwatembeza wageni kati ya Mombasa, Watamu na Malindi. Mwaka 2020, Korona ilipofunga utalii, aliiegesha chini ya mwembe nyumbani kwake, akachomeka waya wa umeme ukutani, na ikawa chumba cha wageni. Tangu siku hiyo ameshaua betri tatu za pili. Ile ya kuwashia injini haina shida. Ni hii ya pili tu.

Mafundi waliokuja walisugua vichwa vya betri, wakabadilisha fyuzi, wakalaumu chumvi ya baharini. Wakipima chaja wanakuta inatoa umeme vizuri kabisa. Basi jibu likawa moja: chaja nzima, betri mbovu, nunua nyingine.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "chaja hii imekuzidi umri. Haijawahi kuharibika hata siku moja. Sasa mbona inaniulia betri?"

Ili kumjibu ilinibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka 160. Twendeni pamoja.

MWANZO: BETRI ILIKUJA KABLA YA CHAJA

Betri ya risasi na asidi, hii hii iliyomo ndani ya matatu na ndani ya nyumba yenye sola, ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté. Alichukua mabamba mawili ya risasi, akayaviringisha pamoja na kitambaa katikati, akayatia ndani ya asidi ya salfa. Akipitisha umeme, betri inajaa. Akiuondoa, betri inaurudisha umeme ule. Ilikuwa betri ya kwanza duniani yenye kufaa kuchajiwa tena na tena.

Lakini wakati ule hapakuwa na soketi ukutani, wala dainamo ya kutegemewa. Planté alilazimika kuchaji betri yake kwa kutumia betri nyingine, zile zinazokwisha na kutupwa! Dainamo nzuri ya Gramme ilikuja mwaka 1871, na mwaka 1881 Camille Faure akabuni njia ya kuyapaka mabamba uji wa madini ya risasi, betri ikaweza kubeba umeme mwingi zaidi na kutengenezwa viwandani. Hapo ndipo kazi ya kuchaji ilipoanza kuwa kazi ya watu wengi.

Kinachotokea ndani ni rahisi kueleza. Ukitumia betri, salfeti ya risasi inajijenga juu ya mabamba. Ukichaji, salfeti inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri na njaa kwa muda mrefu, ile salfeti inakuwa ngumu kama ukoko wa chungu na haitoki tena. Na ukiendelea kuisukumia umeme baada ya kushiba? Salfeti imekwisha, kwa hiyo umeme unaanza kuyavunja maji yenyewe kuwa gesi za hidrojeni na oksijeni. Mafundi wetu husema betri "inachemka". Maji yanapungua, mabamba yanabaki wazi, yanaliwa, yanakufa.

Kwa hiyo chaja ina kazi mbili. Ya kwanza ni kujaza. Ya pili ni kusimama. Ile ya kwanza ilipata ufumbuzi mapema sana. Ya pili ilichukua karibu miaka mia moja, na chaja ya mzee ilitengenezwa katikati ya safari hiyo.

KUGEUZA UMEME WA UKUTANI

Umeme wa ukutani hubadilisha mwelekeo mara kwa mara, mizunguko 50 kila sekunde hapa kwetu. Betri inataka umeme unaokwenda upande mmoja tu. Lazima pawe na mlango wa kuruhusu umeme kwenda na kuuzuia kurudi. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ya General Electric ya Marekani iliuza balbu maalumu za kazi hiyo, zikaenea katika karakana za magari. Miaka ya 1930 zikaja sahani za seleniamu, ambazo zikiungua hutoa harufu mbaya usiyoisahau. Kisha kuanzia miaka ya 1950 ikaja dayodi ya silikoni, kitu kidogo kama punje ya mahindi, rahisi, na haichoki.

Chaja ya mzee ni ya kizazi hicho cha mwisho: transfoma kubwa ya chuma na shaba, dayodi, fyuzi, basi. Hakuna chipu wala kitu chochote cha kuamua. Mbona basi haikuua kila betri tangu siku ya kwanza? Kwa sababu wabunifu wake walitumia ujanja. Walizungusha nyaya za transfoma kwa hesabu, hivi kwamba betri inapojaa na volti yake kupanda, tofauti kati ya chaja na betri inapungua, na mkondo wa umeme unapungua wenyewe. Betri ikiwa na njaa inakula kwa pupa. Ikikaribia kushiba inakula polepole.

Ujanja mzuri, lakini umejengwa juu ya mambo matatu ambayo hayakuandikwa popote. Kwamba umeme wa ukutani ni ule ule uliopangiwa. Kwamba hali ya hewa ni ya kawaida ya Ulaya. Na kwamba asubuhi mwenye gari ataamka, atachomoa waya, na kuendelea na safari. Sisi waandishi wa programu tunaijua sana hali hii. Ni kama kitanzi kwenye programu kisicho na sharti la kutokea, ambacho kimefanya kazi miaka yote kwa sababu tu kila siku kuna mtu anayeizima kompyuta jioni. Siku mtu huyo akisahau, ndipo unapogundua.

Ajabu ni kwamba upande wa injini wa magari ulikwisha kuwa na akili zamani. Dainamo za magari zilikuwa na kidhibiti cha volti, na alteneta, ambazo Chrysler walianza kuzitia kwenye magari yao ya Valiant mwaka 1960, zikaendelea na utaratibu huo huo. Volkswagen nao waliihamisha Kombi kutoka volti 6 hadi 12 kuanzia matoleo ya mwaka 1967. Kwa hiyo ndani ya gari moja la mzee mna njia mbili za kuchaji: ya injini, yenye kujua kusimama, na ya ukutani, isiyojua. Alipokuwa akiendesha kutwa, ile yenye akili ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, magari yalipanga foleni Mnarani kusubiri feri, injini zimezimwa, feni na friji zikila betri ya pili. Ng'ambo injini ikawashwa, betri ikajazwa, safari ya Malindi ikaendelea. Waya wa ukutani ulichomekwa usiku mmoja mmoja tu.

NGOMENI: MAHALI PASIPO MTU WA KUCHOMOA WAYA

Sasa niwapeleke kaskazini kidogo, maana pwani hii hii ina mfano mzuri wa jambo ninalolisema. Ukitoka Malindi ukapita Mambrui na Gongoni, penye mashamba ya chumvi, utafika Ngomeni. Huko baharini kuna majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita, yaliyowekwa miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Kutoka jukwaa la San Marco zilirushwa setilaiti kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988, kwa roketi za Kimarekani zinazoitwa Scout.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya NASA ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Jina lake rasmi lilikuwa SAS-1, lakini Marjorie Townsend, mama aliyekuwa meneja wa mradi, aliipa jina la Uhuru. Ndiyo, neno letu la Kiswahili! Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Betri inaingiaje hapo? Setilaiti ya namna ile huizunguka dunia kwa muda wa dakika 96 hivi. Katika kila mzunguko inaingia kwenye kivuli cha dunia kwa zaidi ya nusu saa, sola hazipati jua, na kila kitu kinategemea betri. Ikitoka kivulini, betri inachajiwa upya. Hesabu: mara 15 kwa siku! Dada yake, SAS-2, iliyorushwa kutoka Ngomeni tarehe 15 Novemba 1972, ilikuwa na mabawa manne ya sola yaliyochaji betri ya nikeli na kadimiamu yenye seli nane na uwezo wa ampea-saa 6 tu. Betri ya pili ya Kombi ya mzee ina ampea-saa 100.

Huko juu hakuna fundi wa kupanda kuchomoa waya asubuhi. Wahandisi walilazimika kufikiria mapema nini kitatokea betri ikishiba huku jua bado linawaka. Na kama mnadhani upande wa umeme ni jambo dogo, sikilizeni: tarehe 8 Juni 1973, miezi saba hivi baada ya kurushwa, kazi ya SAS-2 ilikoma kwa sababu kifaa chake cha kutoa umeme wa volti ndogo kiliharibika. Darubini ilikuwa bado ina mengi ya kuona, lakini umeme uliisha nguvu.

Basi ile ilikuwa teknolojia ya miaka ile ile ya Kombi ya mzee. Tofauti haikuwa akili za watu. Setilaiti ilibuniwa kwa kudhani hakuna mtu karibu. Chaja ya gari ilibuniwa kwa kudhani mtu yupo daima.

SOLA INALETA SWALI LILE LILE VIJIJINI

Swali hili lilirudi Kenya kwa mlango mwingine. Kabla ya sola, familia za vijijini zilizokuwa na televisheni zilitumia betri ya gari, na ikiisha iliwekwa kwenye baiskeli au kibegani kupelekwa sokoni kuchajiwa. Mwaka 1984 Mmarekani Harold Burris, mhandisi, pamoja na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, waliweka mfumo wa sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi huko Meru, na kuanzia hapo walimu na mafundi wakaanza kujifunza. Soko la sola za nyumbani la Kenya likakua likawa mojawapo ya makubwa barani Afrika, na kwa sehemu kubwa watu walinunua kwa fedha zao wenyewe.

Lakini nyumba nyingi zilinunua paneli na betri bila kidhibiti cha chaji, ili kupunguza gharama. Paneli ndogo ilifungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari. Nyingine zilikufa kwa njaa, nyingine kwa kuchemka, na lawama zikaenda kwa betri, au kwa sola yenyewe. Kile kisanduku kidogo cha kusema "basi, imetosha" ndicho kilichorukwa, kwa sababu ni kitu pekee ambacho huoni kazi yake siku unayokinunua.

TURUDI CHINI YA MWEMBE

Sasa na tuitazame chaja ya mzee kwa macho hayo. Kwenye kibandiko chake kilichofifia pameandikwa volti 220. Ujerumani ya miaka ya 1970 ilitumia volti 220. Kenya tunatumia 240. Nilipima soketi ya mzee nikapata 241.

Chukulia wabunifu walilenga ukomo wa volti 14.4, kiwango cha kawaida cha kumalizia kujaza betri ya namna hii. Chaja isiyo na kidhibiti hufuata umeme wa ukutani: ukipanda kwa sehemu 9 kati ya 100, na yenyewe inapanda vivyo hivyo. Zidisha 14.4 kwa 241, gawanya kwa 220. Unapata karibu 15.8. Nikaweka mita kwenye betri iliyokwisha kujaa, chaja imewashwa. Ilisoma 15.8.

Ongeza joto. Viwango vya betri huandikwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo, betri ya volti 12 inataka upunguze kama sehemu 2 hadi 3 za mia za volti. Ndani ya Kombi mchana nilipima nyuzi 35, kwa hiyo ukomo mzuri ungekuwa kama 14.2. Chaja ilikuwa imezidi kwa zaidi ya volti moja na nusu, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Joto lenyewe nalo lina adhabu yake: inakadiriwa kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu hivi. Nilipofungua vifuniko vya seli, mabamba yalikuwa juu ya maji kama mawe ya pwani bahari ikikupwa.

Mafundi walisema kweli, chaja haikuwa imeharibika. Ilifanya hasa kazi iliyojengewa. Kilichobadilika ni soketi, hali ya hewa, na mwaka 2020, mazoea ya mwenye gari.

Kwa wenye magari ya namna hii, huu ndio utaratibu niliofuata. Kwanza, soma kibandiko cha chaja: volti ngapi, na kama ni nzito kama tofali jua ni ya transfoma. Pili, pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaja wala mzigo: 12.6 au 12.7 ni imeshiba, karibu na 12 ni njaa. Tatu, pima ukutani kwa uangalifu. Nne, pima kwenye vichwa vya betri chaja ikiwa imewashwa, kisha pima kwenye chaja yenyewe. Namba mbili hizo zikitofautiana sana, hapo kweli tafuta kutu na chumvi kwenye viungo. Tano, pima tena baada ya saa 24. Ikiwa bado iko juu ya 14 wakati betri imejaa, chaja haijui kusimama. Betri inayokaa kwenye waya daima inataka 13.5 hadi 13.8 tu, na pungufu kidogo kwenye joto letu. Na usivute sigara karibu nayo, ile gesi ya hidrojeni hulipuka.

BETRI TATU ZILIKWENDA WAPI?

Nilimuuliza mzee betri zilizokufa ziko wapi. Akasema alimuuzia kijana wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni. Hapo nikanyamaza kidogo.

Betri moja ya ampea-saa 100 ina kilo 25 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi hiyo lazima iyeyushwe mahali fulani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na makazi ya watu kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa 2014. Moshi na maji yake yaliwatia watu sumu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi kwenye damu, aliongoza mapambano na akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Jina Uhuru limetokea mara mbili katika pwani yetu hii, moja angani na moja chini ya bomba la moshi, na mara zote mbili pana habari ya betri. Sisemi kwamba chaja ya mzee ndiyo iliyowadhuru watu wa Owino Uhuru. Nasema kwamba kila betri inayouawa kabla ya wakati wake lazima iende kwa mtu, na mara nyingi huyo mtu si yule aliyeiua.

Basi tulifanya hivi. Ile chaja ya zamani tuliichomoa, mzee hakutaka kuitupa, ameiweka kabatini kama kumbukumbu. Mahali pake tumeweka chaja ya kisasa yenye hatua tatu: kujaza, kumalizia, kisha kushuka na kushikilia, ikiwa na waya mdogo wa kupimia joto la betri. Bei yake ilikuwa chini ya betri moja mpya. Betri ya tatu hatukuweza kuiokoa. Tuliirudisha kwenye duka la betri, ambalo kama maduka mengi ya betri lilipokea ile kuukuu na kumpunguzia bei ya mpya.

Jioni ile mzee aliwasha taa ya Kombi, akaitazama mita yangu ikisoma 13.5, akauliza kama anatakiwa kuchomoa waya sasa. Nikamwambia hapana Mzee, hii yenyewe inajua.

Akacheka. "Basi imenizidi mimi," akasema.

Haya ndugu zangu, kapimeni betri zenu. Tuonane wakati mwingine.